Mrejesho: mzigo wa kazi katika idara ya sayansi ya siasa

Ndugu zangu, nawashukuru mlionishauri nilipouliza namna ya kuiongoza idara yetu wakati ambapo wahadhiri, kuelekea Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 nchini Tanzania, waliitwa redioni na kwenye runinga kila mara huku vipindi vya darasani vikikwama. Nilibandika jedwali la mzigo wa kila mhadhiri, nami mkuu wa idara nikiwamo, kisha tukalijadili katika kikao cha idara badala ya ofisini kwangu. Manung'uniko yalipungua na vipindi vya shahada ya kwanza vikafundishwa. Tasnifu za uzamili bado zinasuasua, kwani wenye sifa ya kuzisimamia ni wachache, na jedwali halizai profesa. Ushauri wa kuwakataza wahadhiri kuzungumza na vyombo vya habari sikuufuata: kuchambua uchaguzi ni sehemu ya kazi yetu.