MREJESHO: Kubana gharama za vitu vya chumbani, hoteli ya ufukweni Mikindani

Wakuu, niliuliza namna ya kupunguza gharama za vitu vya chumbani, vyumba 14, bila wageni kuona wamepunjwa. Asanteni sana nyote mliochangia.

Aliyeshauri kuacha vichupa vya shampuu vya mililita 30 na kufunga chupa za ukutani za mililita 400 zenye kufuli alisema kweli. Nusu ya kila kichupa ilikuwa inatupwa. Ila skrubu za chuma cha kawaida zilishika kutu upesi kwa hewa ya chumvi, zikachora michirizi ya kahawia kwenye vigae. Anzeni moja kwa moja na zisizoshika kutu. Shampuu msiizimue kwa maji ili ienee: dawa inayoihifadhi inapungua nguvu, inaanza kunuka. Wala msijazie juu ya mabaki. Toa chupa, osha kwa maji ya moto, kausha kabisa, ndipo ujaze.

Korosho badala ya biskuti za nje zimependwa mno, ila kwenye bakuli la wazi zinalainika kwa unyevu. Sasa zinawekwa gramu 50 kwenye chupa ya kioo yenye mpira kwenye mfuniko.

Kilichogoma ni taulo moja badala ya mbili: wageni walipiga simu mapokezi kila jioni. Zimerudishwa mbili, inabadilishwa ile tu iliyoachwa sakafuni. Hapo ndipo maji na sabuni ya kufulia vilipungua kweli.