Mwalimu kumdhalilisha mwanafunzi bila kumchapa: ni jinai?

Mkazi wa Ngamiani: Salaam wadau wa Tanga. Mwalimu akimsimamisha mtoto wa darasa la nne mstarini na bango shingoni, "MIMI MJINGA", bila hata kiboko kimoja, anashtakika?

Msaidizi wa sheria: Anashtakika, ndugu yangu. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto na kumtweza utu. Kifungu cha 14: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kesi hizi hufia kwenye ushahidi, maana hakuna jeraha la kuonyesha. Andikeni tarehe, maneno yenyewe yalivyotamkwa, na waliosikia. Bango lipigwe picha na litunzwe. Tafadhali, msimhoji mtoto mara kumi. Mahakamani itaonekana kafundishwa la kusema.

Ustawi: Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Kama ameanza kukojoa kitandani au kugoma shule, mpelekeni hospitali ya Bombo, maelezo ya daktari yaingie jaladani.

Mkazi wa Ngamiani: Shule wakisema tuyamalize ofisini?

Msaidizi wa sheria: Radhi pokeeni. Karatasi ya kuahidi kutoshtaki msisaini.