Nimedhalilishwa kikaoni kwa sababu ya tarehe! Huyu bwana tutamvumilia mpaka lini?

Kibaraza_Ngamiani:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kila aliyepita kwenye ofisi za mifumo hapa Tanga keshamuonja. Leo ilikuwa zamu yangu. Mbele ya meneja, mbele ya wadada wa kaunta, mbele ya dereva aliyekuja kuchukua posho yake, kaniambia: "Kijana, sisi hatuendi mwezini, tunakwenda Segera."

Segera!

Na watu wakacheka. Meneja kacheka mpaka chai ikampalia.

Nilisema nini cha ajabu? Mfumo wetu wa tiketi za mabasi una faili linaloandika siku kwanza, jingine mwezi kwanza, la tatu linapokea chochote dada wa kaunta alichobonyeza. Abiria wa 03/04 ni wa Aprili au wa Machi? Hakuna ajuaye. Dada kaandika 2:00, yaani saa mbili asubuhi, mashine ikaelewa saa nane usiku, ujumbe ukaenda kwa mzee wa watu kutoka Pangani. Mzee kakesha stendi ya Kange na wajukuu na kuku wake, mbu wamemla wamebakiza kofia. Na tiketi ambayo tarehe yake imehifadhiwa sifuri, inachapwa 1 Januari 1970, saa tisa usiku, maana ndipo mashine inapoanzia kuhesabu muda. 1970! Dereva hajazaliwa, basi halijaundwa, abiria kiti namba nane dirishani!

Nikasema tuhifadhi kila kitu kwa UTC, ile saa ya kimataifa, mwaka kwanza, mwezi, siku, kama ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, inavyotaka. Kisha sehemu moja tu, MOJA, ndiyo igeuze kuwa saa zetu mtu anapotazama. Ni kuongeza saa tatu, na Tanzania hatusogezi saa mbele wala nyuma mwaka mzima. Ndipo akanyoosha miguu, akachovya andazi, akalisema lile neno. Andazi lingali mdomoni! "Tunakwenda Segera." Mbele ya dereva!

Mgosi_Makorora:
Pole mgosi. Huyo huyo aliniambia "tarehe ni maandishi tu". Aliyekata tiketi kwa simu saa sita na nusu usiku, ripoti, bila zile saa tatu, ikawa inamhesabu jana yake. Hesabu za siku hazikukutana hata mara moja, mhasibu nusura avuliwe viatu mlangoni.

Shangazi_Raskazone:
Mwanangu, na wewe safari ya Segera UTC ya nini? Hahaha!

Bwana_Mkonge:
Shangazi usimchokoze. Mleta uzi, lile andazi lilikuwa la nazi?

Kibaraza_Ngamiani:
Nazungumzia kudhalilishwa, nyie mnauliza andazi! Kaniita KIJANA. Nina watoto watatu.

Mpwa_wa_Seva:
Hoja yako ni sahihi mkuu. Ila mnajua kwamba kwenye orodha ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani, Africa/Dar_es_Salaam ni kiungo tu cha Africa/Nairobi? Unaomba saa ya Dar, unapewa ya Nairobi.

Mgosi_Makorora:
WEWE! Yaani hata saa tunaazima kwa majirani?

Mpwa_wa_Seva:
Saa ni ile ile, wameunganisha tu kupunguza marudio.

Mgosi_Makorora:
Marudio gani? Wangeunganisha yao kwetu basi.

Bwana_Mkonge:
Hata hiyo Dar imependelewa. Reli ilianza kujengwa hapa Tanga 1893, Dar wakasubiri ya kwao hadi 1905. Treni haiendi bila saa. Ilitakiwa iandikwe Africa/Tanga, kwisha habari.

Kibaraza_Ngamiani:
Jamani, uzi wangu.

Shangazi_Raskazone:
Reli iacheni. Mimi nataka mtu anieleze hawa makondakta na "dakika kumi za kula". Unapanga foleni, unalipa, sahani inakufikia, honi! Juzi nimerudi kwenye kiti na paja la kuku mkononi, jirani yangu kavaa kanzu nyeupe.

Bwana_Mkonge:
Afadhali wewe ulipata kuku. Chipsi zangu niliziacha kwenye mafuta na hela nishatoa. Na chenji hakunirudishia.

Mgosi_Makorora:
Chenji? Mkuu, usiniguse kwenye chenji.