Mjadala: Walowezi waliowatetea Waaborijini wapewe nafasi gani katika historia ya Australia?

Ndugu wanajamvi,

Tangu wapiga kura wa Australia walipokataa, tarehe 14 Oktoba 2023, pendekezo la kuwapa wenyeji asilia chombo chao cha ushauri ndani ya katiba, suala lililobaki mezani ni kuuweka ukweli wa historia hadharani. Jimbo la Victoria liliunda mwaka 2021 Tume ya Haki ya Yoorrook, ya kuchunguza dhuluma walizofanyiwa Waaborijini, yaani wenyeji hao asilia, na ripoti yake ya mwisho ikatoka 2025. Katika jimbo la Queensland, kwa upande wake, serikali mpya iliuvunja uchunguzi kama huo haujafika mbali. Katika ubishi huo wapo wanaodai kwamba simulizi hazitakuwa za haki zisipowataja walowezi waliosimama upande wa Waaborijini, na wapo wanaojibu kwamba kuwataja ni kumrudisha mzungu katikati ya habari isiyo yake.

Naona watajwe, ila kama mashahidi.

Tarehe 10 Juni 1838, huko Myall Creek, New South Wales, kundi la watu 12 lililoongozwa na mlowezi John Fleming liliwafunga kamba Wawirrayaraay, jamii mojawapo ya Waaborijini, wasiopungua 28, wengi wao wanawake, watoto na wazee, likawaua na baadaye kuichoma miili yao. Msimamizi wa shamba, William Hobbs, aliporudi na kuyaona mabaki alitoa taarifa, jambo lililomgharimu kazi yake. George Anderson, mfungwa aliyepewa kazi ya kutunza kibanda shambani hapo, alisimama mahakamani akaeleza aliyoyaona. Washtakiwa 11 walionekana hawana hatia katika kesi ya kwanza. Mwanasheria Mkuu John Hubert Plunkett hakukubali yaishe, akafungua kesi ya pili, na 7 kati yao wakanyongwa Desemba mwaka huohuo. Fleming, mtu pekee katika kundi lile ambaye hakuwahi kuwa mfungwa, alitoroka na hakushtakiwa kamwe.

Kwa hiyo anayesema kwamba wauaji wasihukumiwe kwa vipimo vya leo, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyofikiri watu wa zama zao, atueleze Hobbs na Anderson walikuwa watu wa zama zipi. Hapo ndipo ilipo thamani ya watetezi hawa, na kwa maoni yangu inatosha.

Tatizo ni kwamba sauti zao zimehifadhiwa vizuri kwa sababu sauti nyingine zilizuiwa. Davey, kijana Mwaborijini aliyekuwapo Myall Creek, hakusikilizwa mahakamani, kwa kuwa sheria haikupokea ushahidi wa mtu asiyeweza kula kiapo. Huko Coranderrk, makazi yaliyotengewa Waaborijini huko Victoria, mambo yalikuwa tofauti: mwaka 1881 wakazi walihojiwa wenyewe katika uchunguzi rasmi, wakati kiongozi wao William Barak na wenzake walikuwa wamekwisha kuandika barua na kutuma wajumbe kudai ardhi yao. Mlowezi Anne Bon aliwaunga mkono, tena kwa dhati, lakini madai yalikuwa yao. Hata hivyo sheria ya 1886 ikawafukuza wengi waliokuwa na damu mchanganyiko, na kuanzia 1904 Bon mwenyewe aliketi katika bodi ya serikali iliyoamua Waaborijini gani wakae wapi.

Wanaotaka watetezi hawa wasifiwe bila masharti wanijibu hapa: Bon huyo wangemwandika vipi, na nani angepewa kalamu kwanza, yeye au wajukuu wa waliofukuzwa?