Eti "chora cherehani ubaoni"?! Huyu mtu atuombe radhi walimu wa pembezoni

Wakuu nimetoka kwenye kikao cha walimu na mkubwa mmoja wa elimu sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule yule wa "ndugu walimu niwe mkweli" halafu ukweli hauji. Kaja na gari la kiyoyozi huku Katavi, kakuta mkondo wa amali (masomo ya ufundi sekondari) umeanza bila karakana, fundi wa kufundisha ushonaji hamna, umeme wenyewe unakuja ukijisikia. Mwalimu mmoja mama wa watu kasimama kwa heshima zote kauliza vifaa vinafika lini. Mtu mzima akajibu CHORA CHEREHANI UBAONI.

Ubaoni jamani!! Watoto washone kwa chaki? Suruali wakaijaribie kwenye daftari?

Mtaala mpya ulianza Januari 2024, Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023 ikazinduliwa Dodoma Februari 2025 tukapiga makofi, wenzetu wa mjini wana karakana na mafundi, sisi tuna chaki, na mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani, ni ule ule. Sawa. Lakini CHORA?? Na akarudia akidhani hatujasikia, "mwalimu mbunifu anachora". Ukumbi kimya, kila mtu anaangalia viatu vyake.

#2
Ulichora au hukuchora? Weka picha.

#3
Kwa hasira hizo ungemchora yeye mkuu 😂

#4
Afadhali nyie mna ubao. Huku Kigoma umepauka chaki inateleza tu, na Kiingereza sasa kinaanza darasa la kwanza, niliyepangiwa kukifundisha ni mimi wa Maarifa ya Jamii, watoto wananisahihisha.

#5
Ngojeni 2027 darasa la sita wa mtaala mpya na la saba wa mtaala wa zamani wamalize pamoja, ndo mtajua hamjui. Hao wote kidato cha kwanza watakaa wapi?

#6
Mtoa uzi, posho ulisaini?

#7
Hapo sasa. Mdomo anaufungulia huku, kule kwa wakubwa wake alikuwa bubu.

#8 (mtoa uzi)
Posho gani, tumepewa maji ya chupa! Narudia, CHEREHANI. UBAONI.

#9
Tumekusikia bwana. Hivi nani ananielewesha kikokotoo cha mafao ya pensheni, mimi nakaribia kustaafu hesabu zinagoma

#10
Fungua uzi wako mzee.

#11
Aulize hapa hapa. Mimi madai yangu ya kupanda daraja hadi leo nazungushwa, anayejua pa kuanzia aje inbox