Eti "mikono yenu haina nguvu"! Aliyebuni bomba hili aje alivute mwenyewe

Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Katuletea bomba la sindano la ml 60 la kuvutia maji ya goti lililovimba, tukimwambia halivutiki anajibu eti mikono yetu haina nguvu. Mikono yetu!

Planja yake (kile kijiti cha kuvuta chenye mpira) ina kipenyo cha karibu sm 2.6. Ukivuta mpaka ombwe kamili unashindana na hadi niutoni 53, yaani kilo tano na ushee kwa dole gumba linalorudi nyuma. Bomba la ml 10 ni kama niutoni 17. Hapo hata mbeba magunia atalia. Halafu mpira umeganda: unavuta, hauji, unavuta, hauji, ghafla mpira unaachia na ncha ya sindano inakwangua gegedu, ule mfupa laini wa goti. Zipo bomba za planja mbili sambamba, ukisukuma moja nyingine inarudi nyuma, mkono umetulia. Kwa nini asiige? MIKONO YETU!

Koki3: Nakazia. Na likijaa je? Unabana shingo ya sindano kwa koleo, unasokota bomba huku mgonjwa anaruka. Koki ya njia tatu, unageuza tu maji yatoke upande mwingine bila kuchomoa bomba, ingemaliza yote.

MzeeWaWodi: Mleta uzi punguza jazba. Planja unailegeza kabla ya kuchoma? Vuta kidogo, sukuma mpaka mwisho, hewa yote itoke. Tena nani kakutuma uanze na 60? Anza na 20.

Mleta uzi: Nalegeza kila mara! Inaganda tena humo humo gotini. Halafu eti mikono!

Kipepeo23: Goti mnalidekeza. Aliyetengeneza sindano ya kipepeo, ile ya mabawa na mrija ya kuchukulia damu, ndiye wa kushtakiwa. Mrija umejaa hewa, ukianza na chupa ya buluu (ya vipimo vya kuganda kwa damu) hewa inaingia kwanza, damu haifiki mstarini. Inatakiwa damu ml 2.7 kwa 0.3 ya sitreti, dawa ya kuzuia damu isigande, maabara wanaikataa, mgonjwa anachomwa upya.

MzeeWaWodi: Si unatanguliza chupa ya kutupa, imalize hewa ya mrija?

Kipepeo23: Aiweke basi kwenye pakiti!

ToneLaPili: Lanseti, kile kisindano cha kutoboa kidole, ndiyo balaa. Haifiki kina, watu wanakamua kidole, maji ya tishu yanaingia kwenye damu, hemoglobini inasoma chini.

Koki3: @Kipepeo23 ya kutupa iwe buluu nyingine au isiyo na dawa. Kuna watu wanatanguliza ya zambarau, dawa yake EDTA inavukia chupa zinazofuata, kwenye majibu potasiamu inapanda na kalsiamu inashuka.

Kipepeo23: Hao ndio wafunguliwe uzi wao.