Ushauri: sampuli ya vakyumu klina mpya, nikague nini kabla muundo haujapitishwa?

Mleta uzi
Wakuu, habari zenu. Nina sampuli ya vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi) ya kuburuta, ile ya magurudumu na mpira mrefu. Mota wati 1,400, tangi la vumbi lita 2 bila mfuko, chujio la sponji kabla ya mota, HEPA H13 (chujio la kunasa vumbi laini sana) kwenye tundu la kutolea hewa. Mpira unaingilia juu, kwenye mfuniko. Karatasi ya vipimo inasema mvuto wa kPa 22 (kilopaskali) na lita 36 za hewa kwa sekunde. Natakiwa kutoa maoni. Nianzie wapi?

fundi_mota
Mkuu, achana na wati. Huo ni umeme inaokula, sio nguvu ya kufyonza. Umoja wa Ulaya ulibana vakyumu zibaki chini ya wati 900 tangu Septemba 2017, na mazulia yanasafishika vizuri tu.

Halafu hizo namba mbili hazitokei kwa pamoja. kPa 22 hupatikana mdomo wa mpira ukizibwa kabisa, hewa haipiti. Lita 36 mdomo ukiwa wazi, mvuto karibu hakuna. Kazi inafanyika katikati, tuseme kPa 11 kwa lita 18, sawa na wati 198 za mvuto. Omba grafu nzima, ipimwe kwenye kichwa cha sakafuni, kisha irudiwe tangi likiwa nusu. Hapo ndipo mashine nyingi zisizo na mfuko huanguka, sponji ikishashika vumbi laini.

chujio_safi
Mimi ningekagua kuvuja kwanza. H13 hukamata 99.95% ya chembe, lakini za hewa inayopita ndani yake tu. Washa mashine, pitisha kipande cha tishu taratibu kwenye kila mshono. Kabla ya mota tishu ikivutwa ndani, unapoteza mvuto. Baada ya mota ikipeperushwa nje, hiyo ni hewa yenye vumbi inayokwepa HEPA, na hilo ni kosa la kurudisha muundo mezani. Mara nyingi tatizo ni mpira wa kuzibia uliounganishwa kwenye kona, au klipu moja tu upande mmoja wa mfuniko.

Hakikisha pia mfuniko haufungi kama sponji haimo. Watu huiosha, wanaiacha ikauke, wanawasha bila hiyo.

Mleta uzi
Asanteni sana. Na mpira kuingilia juu, kuna shida?

gurudumu3
Kubwa. Mtumiaji anaiburuta kwa mpira huo huo, kwa hiyo ukiwa juu unakuwa wenzo wa kuipindua. Jaza tangi, ivute kwa pembeni juu ya kizingiti cha sentimita 2. Ikilala, mlango wa mpira ushushwe mbele, chini, na uzunguke duara kamili ili mpira usijisokote. Kunja na shingo ya mpira karibu na mkono. Hapo ndipo hupasuka, panahitaji kikingio laini cha kuzuia kukunjika.

fundi_mota
Naongeza la joto. Hewa inayofyonzwa ndiyo inayopoza mota. Ziba mdomo: mlio unapanda, mota inazunguka kasi zaidi na haipozwi. Lazima kuwe na vali ya kuingiza hewa ya dharura na swichi ya joto. Iache izime, uone kama inajiwasha yenyewe ikipoa wakati mtu bado anachokonoa mpira. Mwisho, fungua bodi, yaani ganda la nje: kama imegandishwa kwa gundi badala ya skrubu, kaboni za mota (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zikiisha hakuna fundi atakayezibadilisha.